Waliolima pamba walifunika watoto wao na nini?



Sisi tuliopita fakulte ya kilimo tulisoma pamba katika kozi ya mazao ya viwanda, karibu na kahawa, chai na kinkina. Profesa anaandika ubaoni: Gossypium hirsutum, miezi mitano mpaka sita toka kupanda mpaka kuvuna, inataka jua, haipendi mvua wakati matunda yanapasuka, wadudu wake ni wengi. Unakopi, unafanya mtihani, unapita. Katika ile kozi nzima hakuna mstari mmoja unaouliza yule aliyelima alilala chini ya nini, na mtoto wake alifunikwa na nini usiku wa baridi. Leo nataka kuuliza hilo. Jibu nitaanza kulitafuta mbali, Alabama, Marekani, juu kule jibu limebaki. Unaweza kulishika kwa mkono. Ni bulangeti.

Lakini si bulangeti kama zile tunazonunua sokoni. Ni bulangeti ya viraka, mama anashona mwenyewe nyumbani, na iko na tabaka tatu. Juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa kimoja kwa kingine. Katikati ni pamba yenyewe, iliyochambuliwa, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikawa laini, ikatandazwa. Chini ni kitambaa cha kufungia, mara nyingi magunia ya unga ao ya mbolea yaliyofumuliwa na kufuliwa. Halafu sindano inapita kwenye tabaka zote tatu, mstari kwa mstari, ili pamba isihame na kukusanyika pembeni. Mtu anayetazama anafikiri ile mistari ni urembo. Hapana, ndiyo inayoshika joto pahali pake.

Kijiji ninachosema kinaitwa Gee's Bend, katika wilaya ya Wilcox. Mto Alabama unakizunguka pande tatu, kama mkono uliokunja, na barabara ya kutoka ni moja tu. Joseph Gee, mzungu wa North Carolina, alifungua shamba la pamba pale mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likapita kwa jamaa yao, Mark Pettway. Mwaka uliofuata huyo Pettway akahama kutoka North Carolina na familia yake na watumwa karibu 100. Familia ilipanda magari ya farasi. Watumwa walitembea kwa miguu, toka jimbo moja, wakapita lingine, mpaka Alabama. Mpaka leo watu wengi wa kijiji wanaitwa Pettway, hata wale wasio na undugu wa damu kati yao, juu ndilo jina walilobandikwa na mwenye shamba.

Utumwa uliisha mwaka 1865. Watu hawakuwa na pa kwenda, wakabaki palepale kama wapangaji: ardhi ya tajiri, kazi yao, mavuno yanagawanywa. Mbegu, mbolea, unga wa kula mpaka msimu, vyote ni deni kwa mfanyabiashara wa Camden, mji wa ng'ambo ya mto. Ukivuna unalipa deni. Likibaki kidogo unakula, lisipobaki unaandikiwa lingine. Nani kati yetu hajui hesabu ya namna hiyo? Nenda kwa walimaji wa vijijini vyetu uone mfanyabiashara anavyowakopesha kabla ya mavuno.

Sasa bei. Mwaka 1919 ratili moja ya pamba Marekani ilifika karibu senti 35. Mwaka 1931 ilikuwa chini ya senti 6. Mtu aliyekuwa na deni hakuongeza deni, lakini ghafla alihitaji kuvuna mara sita zaidi ili kulilipa, na ardhi ni ileile, mikono ni ileile. Mwaka 1932 yule mfanyabiashara wa Camden aliyekopesha watu wa Gee's Bend akafariki, na upande wa familia yake wakaja kudai. Waliingia katika nyumba kama 60. Walichukua nyumbu, ng'ombe, nguruwe, kuku, majembe, magari, mahindi ya ghalani, viazi. Ile baridi iliyofuata kijiji kilishikwa na njaa kabisa, mpaka Msalaba Mwekundu ukaleta chakula.

Mwaka 1937 serikali ya Marekani ilimtuma mpiga picha Arthur Rothstein. Picha zake ziko na zinaonekana mpaka leo: nyumba za magogo, kuta za ndani zimebandikwa magazeti toka chini mpaka juu ili upepo usipite kwenye nafasi. Na katika zile nyumba, bulangeti za viraka, moja juu ya nyingine. Madai ya 1932 hayakuzifagia, na mimi nafikiri najua sababu: kwa macho ya wadai hazikuwa na bei. Ni matambara.

Hapo ndipo historia inakuwa tamu kwangu. Nguo za kushonea zilitoka wapi? Si dukani. Zilitoka mwilini mwa watu. Salopeti ya baba iliyochakaa magotini, shati lililoisha kola, rinda lililokuwa la mkubwa likapita kwa mdogo mpaka halipiti tena kwa mtu. Ukitazama kwa makini zile bulangeti za nguo za kazi unaona kipande cha jinzi kimepauka chote, rangi ya anga, lakini katikati iko sehemu ya mraba yenye buluu kali bado. Pale ndipo palikuwa mfuko. Mfuko ulifumuliwa, na chini yake jua lilikuwa halijafika miaka yote ile. Magoti yanaonekana vilevile. Jasho limeacha alama yake. Mwanahistoria anayetafuta barua za wale walimaji atapata chache sana, kwa sababu watumwa walikatazwa kusoma na watoto wao shule zao zilikuwa duni. Lakini hapa kuna mwili mzima wa mlimaji, umewekwa wazi juu ya kitanda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mama Missouri Pettway. Mwaka 1942 mume wake Nathaniel alifariki. Mama akachukua nguo zake za kazi, akazikata, akashona bulangeti, na binti yake Arlonzia, aliyekuwa bado kijana, akamsaidia. Arlonzia mwenyewe ndiye aliyesimulia miaka mingi baadaye: mama alitaka kumkumbuka mume wake na kulala chini ya nguo zake. Ukiiona ile bulangeti huoni maua wala nyota. Ni vipande virefu na vipana, buluu iliyokufa, nyeupe iliyochoka, kahawia. Hakukata ili ipendeze. Alikata kufuata sehemu ambazo nguo ilikuwa bado nzima.

Na pamba ya katikati? Hapa shika vizuri, juu ndipo penye uchungu. Hawa ni watu wanaolima pamba tangu mtoto wa miaka sita mpaka mzee. Lakini pamba iliyo safi ni ya deni. Kwa hiyo akina mama waliokota masalio shambani baada ya mavuno, ao walifagia yale yaliyoanguka chini kwenye sakafu ya mashine ya kuchambua, yenye vumbi na mbegu, wakaipeleka nyumbani wakaipiga kwa fimbo mpaka uchafu utoke. Wakati mwingine hata hiyo haikupatikana, wakaweka katikati bulangeti ya zamani iliyoisha, ikawa moyo wa ile mpya. Bulangeti iliyochakaa kabisa haikutupwa. Walizichoma polepole ili moshi ufukuze mbu.

Niliwahi kushona moja kwa mtoto wangu. Ndiyo, mimi baba. Mafundi wengi wa mtaa hapa Bukavu ni wanaume, basi msicheke sana. Tuko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, na mwezi wa saba usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mtoto alikuwa na miezi minne. Nilikuwa nimesoma juu ya Gee's Bend wakati nilikuwa natayarisha memwari, nikataka kujua mikono ya wale mama ilijua nini ambacho kitabu hakisemi.

Vipande nilipata kwa fundi wa karibu, gunia nzima ya mabaki ya vikwembe, kwa bei ya soda. Nikaongeza mashati yangu mawili ya zamani. Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba nguo haichakai sawasawa. Shati linaisha kwenye kola na kwenye viwiko, lakini mgongoni, chini ya mabega, kuna kipande kizima kama kimetoka dukani jana. Mkasi unakwenda wenyewe pale. Umbo la kipande halichaguliwi na wewe, linachaguliwa na kazi uliyofanya ukiwa umevaa. Wazungu wa makumbusho wameandika mengi juu ya mistari ya Gee's Bend kuwa imepinda, kwamba ni uhuru wa msanii. Sikatai, wale mama walikuwa wasanii na walijua. Lakini aliyewahi kukata shati la zamani anaelewa kwamba ile mistari kwanza ni ramani ya mahali nguo ilipopona.

Jambo la pili ni wakati. Ilinichukua majuma saba, jioni kwa jioni, na wakati umeme umekatika nashona kwa tochi ya simu. Kushona vipande unaweza kufanya peke yako. Kupitisha sindano kwenye tabaka tatu peke yako ni mateso, bulangeti inakunjana, inateleza. Huko Gee's Bend vipande kila mama aliunganisha nyumbani mwake, kwa akili yake, lakini siku ya kupitisha sindano majirani walikuja, fremu ya mbao ikashushwa kutoka kwenye dari, wakakaa pande zote nne. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi ya baridi, kati ya mavuno na kupanda, juu pamba haikuwaachia nafasi nyingine katika mwaka. Mimi nilisaidiwa na mama mkwe, ambaye alitazama nilichofanya, akafumua robo yake bila kusema neno, akashona upya.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike haya. Nilitaka kuweka pamba katikati. Nikazunguka soko ya Kadutu siku mbili. Unapata sponji, unapata nyuzi za plastiki za kujaza mito, unapata pamba ya duka la dawa katika vipakiti vidogo, imetoka nje ya nchi. Pamba ya shambani, hata kilo moja, sikuipata. Mwisho niliweka bulangeti ya zamani katikati, kama wao. Mtoto alilala vizuri, baridi haikumpata. Lakini mimi nilikaa na lile swali. Maana kuna hesabu ndogo ambayo sisi wa kilimo tunaweza kuifanya haraka.

Kilo tatu za pamba yenye mbegu zinakupa karibu kilo moja ya nyuzi, nyingine yote ni mbegu. Bulangeti ya kitanda inataka nyuzi kilo moja na nusu hivi. Tuseme basi kilo tano za mavuno, na kuzidi. Robota moja ya Marekani ni ratili kama 500, yaani kilo karibu 227 za nyuzi tupu. Robota moja ingejaza bulangeti zaidi ya 100. Kijiji kizima kingelala joto kwa robota moja ao mbili, na kilikuwa kinatoa nyingi kila msimu. Wale mama walifagia sakafu si kwa sababu pamba ilikuwa haba. Walifagia sakafu kwa sababu pamba ilikuwa na mwenyewe kabla haijapandwa.

Sasa turudi nyumbani, na daraja liko, ni mbegu. Aina za pamba zilizoenea Kongo wakati wa Wabelgiji zilitoka Marekani: kwanza Triumph, halafu Stoneville. Mmea ule uliovunja mgongo wa watu wa Alabama ulivuka bahari ukaja kwetu, na haukuja peke yake, ulikuja na sheria.

Jina la kukumbuka ni Edmond Leplae. Tukubali aibu hiyo ya taaluma yetu: alikuwa agronomu. Tangu 1910 aliongoza kilimo katika wizara ya makoloni huko Brussels. Alivutiwa na namna Waholanzi walivyolimisha watu kwa lazima kule Java, akaona hiyo ndiyo dawa ya Kongo. Sheria ya tarehe 20 Februari 1917 ikaruhusu kulazimisha kila mtu mzima wa kiume kulima mpaka siku 60 kwa mwaka, kwa jina zuri sana, ati kumfundisha. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza, kisha Uele, Kasai, kaskazini ya Katanga na nyingine. Mwaka 1920 ikaundwa Cotonco. Mwaka 1921 amri nyingine ikagawa nchi katika maeneo, kila eneo na kampani yake moja yenye haki ya kununua pamba, na bei inapangwa na Bula Matari. Mlimaji hawezi kuchagua kulima, hawezi kuchagua mnunuzi, hawezi kubishana bei. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikafika 120.

Mwanahistoria wa kwetu Osumaka Likaka aliandika kitabu kizima juu ya hiyo mwaka 1997, na ningependa kila mwanafunzi wa kilimo akisome kabla ya staji. Anaonyesha nani alifanya kazi hasa. Sheria ilitaja mwanaume. Shambani walikuwa mama na watoto: kupalilia, kuvuna, kupanga pamba nyeupe mbali na iliyochafuka, kubeba mizigo mpaka soko la kampani. Wakati wa kupalilia pamba ni uleule wa kupalilia chakula, kwa hiyo kila saa iliyopewa pamba iliibwa kwa chungu cha nyumbani. Moniteri anapita, kapita anapita, fimbo iko. Watu nao hawakukaa kimya: walipanda kwa kuchelewa, waliharibu mbegu kabla ya kuziweka udongoni, walikimbilia porini. Pesa ya pamba ikitoka, ya kwanza ni kodi. Iliyobaki ndiyo inanunua nguo dukani, nguo iliyoshonwa mbali, wakati mwingine kwa nyuzi zilizotoka kwetu zikapitia Antwerpen. Mtu aliyevuna mamia ya kilo za pamba ananunua kipande cha amerikani kwa mita.

Kuna wasomi wa Marekani waliotazama bulangeti za weusi wa kule, wakaona zinafanana na nguo za rafia za Wakuba, na viraka vyao na michoro inayovunjika katikati. Ndugu mmoja wa chama alinitumia zile picha kwa furaha kubwa: ona, ni sisi! Watu kutoka upande wa Kongo walipelekwa Marekani wengi, hilo ni kweli. Lakini mimi kufanana hakunitoshi. Naona undugu wa karibu zaidi, na wenye ushahidi: mama wa Gee's Bend na mama wa Maniema mwaka 1932 walikuwa wanavuna mmea mmoja, bei ya wote wawili iliangushwa na soko moja la dunia, na hakuna kati yao aliyerudi nyumbani na pamba yake.

Tofauti ni kilichobaki, na kilibaki kwa sababu ambazo tunaweza kuzitaja. Katika Gee's Bend, mwisho wa miaka ya 1930, serikali ilinunua lile shamba, ikajenga nyumba, na familia zikalipa polepole mpaka zikawa na ardhi yao. Hilo tu lilibadilisha mengi. Februari 1965 Martin Luther King alipokuja kuwahubiria juu ya kupiga kura, wangeweza kumsikiliza bila kuogopa kufukuzwa shambani, kitu kilichowapata wapangaji wengi wa wilaya ileile. Njia nyingine ya kuwabana ilikuwa imeshapatikana: tangu 1962, walipoanza kuvuka kwenda Camden kujiandikisha, kivuko cha mto kilisimamishwa. Safari ya dakika chache ikawa karibu saa moja kwa gari, kwa watu wasio na gari. Kivuko kilirudi mwaka 2006. Hesabu mwenyewe.

Ni katika ile miaka ndipo bulangeti ziliacha kuwa za nyumbani tu. Mwisho wa 1965 padri mmoja wa Kianglikana, Francis Walter, aliona bulangeti kwenye kamba ya nguo. Akazinunua kwa dola 10 kila moja, zikauzwa kwa mnada New York, na Machi 1966 wale mama wakaanzisha koperative yao, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 walipata kazi ya kushonea maduka ya Sears vifuniko vya mito vya korduroi, ile yenye mistari minene. Mama walishona vifuniko vyote sawasawa, kama mnunuzi alivyotaka, na mabaki ya ile korduroi wakabeba nyumbani. Bulangeti za watoto wao za miaka ile zinawaka kijani, dhahabu na nyekundu ya matofali, hakuna hata mbili zinazofanana. Mwaka 2002 zikaonyeshwa Houston, halafu Whitney, New York. Mwaka 2006 zilichapwa kwenye stempu za posta. Mwaka 2007 baadhi ya wale mama walikwenda mahakamani juu ya pesa na haki ya kazi zao, na mwaka uliofuata mashtaka yakamalizwa kwa mapatano. Nalitaja juu wengine wanapenda kuishia kwenye makumbusho, kama vile ukuta mweupe unalipa deni.

Na sisi? Sisemi koko zetu walishona bulangeti za viraka. Kila pahali pako na vyake: mikeka, ngozi, maganda ya miti yaliyopondwa, moto katikati ya nyumba usiku kucha, mtoto kati ya mama na baba. Nchi ilijenga vituo vya utafiti, INEAC ikaanza 1933, Gandajika na Bambesa zikachagua mbegu bora za pamba, na ripoti zao zimehifadhiwa: kilo kwa hekta, urefu wa nyuzi, asilimia ya mbegu iliyoota. Kalemie watu wazima bado wanataja kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Kampani iliandika vitabu vyake. Wa upande mwingine wa mizani hawakuandika, na hatuna mfuko uliofumuliwa wenye buluu chini yake wa kutuonyesha.

Tuko na kitu kimoja tu. Mtoto aliyebeba kikapu cha pamba na mama yake mwaka 1955, akiwa na miaka kumi, leo anapita miaka themanini. Bado wako, katika Kasongo, Kabambare, Kongolo, Kabinda, Buta. Wengi wetu tunatoka kule, ao tutakwenda kule kwa staji. Tunapofika na fomu za mradi tunauliza eneo, mavuno, mbegu, mbolea. Zile fomu zina nafasi nyuma, ukurasa mweupe. Muulize koko alikuwa na nguo ngapi. Iliyochakaa ilifanywa nini. Kama kuna pamba iliyofichwa nyumbani, ilifichwa wapi, na ilikuwa ya kufanyia nini. Usimwambie jibu. Andika maneno yake kwa lugha yake, Kibangubangu, Kihemba, Kisonge, Kizande, na jina la kila nguo atakayotaja. Tarehe, kijiji, na kama anakubali, sauti yake kwenye simu. Wa kwetu niliyekuwa nataka kuanza naye alizikwa mwezi wa tatu. Nitaanza na mdogo wake, anaishi kilomita nne kutoka barabara ya Kasongo, na mvua zikipungua pikipiki inafika.